Mdomo wa Kukodi

Wivu haukumpigia Sindano hodi. Ulimwingia saa saba mchana, jua limesimama wima juu ya mabati, akiwa amepanda juu ya kigoda, pini kabana kwa midomo, anatundika pazia.

Sindano halikuwa jina lake la kuzaliwa. Watu wa kambi walimpa kwa sababu mbili: alikuwa fundi wa cherehani, na alikuwa mwembamba. Kambi yenyewe iliitwa ya muda, ingawa muda huo ulikuwa umeshatimiza miaka miwili, na familia zaidi ya mia zilikuwa zinaishi ndani ya ghala moja lililokuwa la saruji zamani. Kati ya familia na familia hapakuwa na ukuta. Palikuwa na pazia, na karibu yote aliyashona yeye. Kwa hiyo alijua vizuri kuliko wengi kwamba kitambaa kinazuia macho, masikio hakiyawezi.

Siku hiyo alikuwa ametumwa kwenye kontena la mahojiano, aligawe mara mbili ili maofisa wawili waweze kufanya kazi kwa wakati mmoja. Kazi ilikuwa imewaelemea. Kambi ilikuwa inafungwa, na Jumatatu mabasi yangekuja, kila basi na njia yake. Walioandikwa kwenye kadi moja ndio wangepanda basi moja. Wenye kadi mbili wangeagana getini, na wangeonana tena lini, hakuna aliyejua. Kuandika kadi kulikuwa kunafungwa kesho yake, saa kumi jioni.

Ndiyo maana juzi kijana waliyemwita Mkalimani, kwa kazi yake, alikuwa amemfuata kwenye banda la ushonaji, akasimama mbele ya cherehani yake huku anazungusha kipande cha uzi kidoleni kama mtu aliyepoteza njia.

"Sindano," alimwambia, "tuandikwe kadi moja."

Hakusema nakupenda. Hakupiga goti. Lakini katika kambi ile hakuna msichana ambaye angehitaji kuambiwa zaidi ya hapo. Sindano aliinamia mshono wake, akashona mstari mzima bila uzi kwenye sindano, asijue.

"Nitamwambia mama," alijibu.

Basi sasa yuko juu ya kigoda, na nyuma ya pazia, upande wa pili, akaisikia sauti ile ile. Alikuwa anaijua hata kwa kikohozi. Jenereta lilikuwa linanguruma nyuma ya kontena, kwa hiyo Mkalimani alikuwa ameinua sauti, na kila neno likaja kama limetumwa kwake.

"Nampenda," Mkalimani alisema. "Sina namna nyingine ya kulisema. Tulipotezana kituoni, watu wakisukumana. Nilishika mkono nikidhani ni wake, kumbe ni wa mtu mwingine. Tangu siku hiyo nikilala, nalala upande mmoja wa mkeka. Ule mwingine nimemwachia."

Pini moja ikamponyoka Sindano, ikaanguka sakafuni.

"Sasa nimeambiwa amepatikana, yuko hai. Sitaki kuandikwa na mtu mwingine yeyote. Mimi niandikeni naye."

Kikafuata kilio cha mwanamke, kile cha chini chini, cha mtu aliyejibana muda mrefu.

Sasa msomaji asimcheke Sindano. Ukalimani alikuwa ameuona mahali pamoja tu, zahanati, ambako mzee mmoja humsimamia mama wa Sindano na kumwambia muuguzi, "Mama huyu anasema mgongo unamuuma. Anasema tangu Jumanne." Anasema, anasema, mpaka dawa itoke. Siku waliyofika kambini, getini, Kiswahili alikiongea Sindano mwenyewe, cha darasa la saba, na kikatosha. Kwa hiyo alichokuwa anakijua ni kwamba mkalimani husema *anasema*. Huyu hakusema anasema. Huyu alisema *mimi*.

Akashuka polepole. Akasogeza ukingo wa pazia, upana wa kidole. Akamwona msusi mgeni, yule aliyefika wiki iliyopita na kitambaa cha buluu kichwani, uso umelowa, mzuri hata kwa kulia. Akamwona Mkalimani anamsogezea kikombe cha maji kwa mikono miwili. Afisa alikuwa ameinamia karatasi zake, anaandika.

Mikono miwili! Yeye Sindano, miezi minane ya kuongozana bombani, alikuwa amewahi kupewa kitu na mtu yule kwa mikono miwili?

Bandani, cherehani ya pili kutoka mlangoni ilikuwa ya rafiki yake, Redio. Jina lake hilo halihitaji maelezo.

"Shoga, mimi sisemi kitu," Redio alianza kabla Sindano hajakaa. "Mimi nimepita tu zangu. Lakini macho yangu hayana mlango. Mwenzio nimemwona anamsindikiza yule msusi mpaka kwenye kona ya ghala. Begi kambebea yeye."

"Begi kubwa au dogo?"

"Ee, na hilo nalo swali?"

"Nimekuuliza, Redio."

"La wastani. Lenye zipu." Redio akamtazama vizuri. "Jamani, mbona umekuwa na rangi ya majivu? Yule si wa kumwogopa. Kucha zake mwenyewe hajazipaka vizuri."

"Nani kasema namwogopa?"

Sindano alikanyaga cherehani mpaka mkanda ukaruka. Tangu apate akili alikuwa mtu wa kungoja: kungoja zamu, kungoja maji, kungoja jina lake liitwe. Watu walimsifu kwa subira. Hawakujua kwamba anayengoja sana hupata muda wa kutazama sana, na anayetazama sana haachi kuona. Sasa aliona yote upya. Jumapili ile Mkalimani alipochelewa. Siku ile alipoitwa akageuka upande wa mahema ya wageni kwanza. Kila kitu kikapata maana, na maana zote zilikuwa na kitambaa cha buluu kichwani.

Saa kumi na moja Mkalimani akatokea mlangoni mwa banda, anacheka peke yake, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni.

"Fundi wangu, hujambo?"

"Fundi wako yupi? Humu tuko sita, chagua."

Wale wengine watano wakainamia kazi ghafla, kila mtu kapata uzi wa kukata.

"Tutoke kidogo," alisema kwa sauti ya chini.

"Nina mashuka. Sema hapa hapa. Wewe si mtu wa kusema? Si ndiyo kazi yako?"

Akatoka naye hata hivyo, kwa sababu machozi yalikuwa karibu, na Redio asingeyaacha yapite bila kuyatangaza. Wakasimama nyuma ya banda, penye marobota ya vitambaa.

"Mama amekataa?" Mkalimani aliuliza.

"Mama sijamwambia. Leo saa saba nilikuwa kontenani. Natundika pazia."

Uso wake ukabadilika. Sindano aliuona ukibadilika, kama taa inayozimwa chumba cha ndani.

"Upande wa pili?"

"Upande wa pili."

"Umesikia nini?"

"Nimesikia."

"Umemwambia mtu? Sindano, nitazame. Umemwambia mtu yeyote?"

Hilo ndilo la kwanza alilouliza! Hakusema si kweli, wala hakusema pole.

"Nikimwambia mtu utafanya nini?"

"Nakuomba uyasahau. Yule dada ana mambo yake mazito. Yakitoka nje yatamwumiza."

"Yatamwumiza *yeye*!" Sindano akacheka, kicheko ambacho hata yeye hakujua kilitoka wapi. "Haya. Na mimi je? Mimi ni mfuko wa saruji?"

"Niulize kitu kingine chochote. Ya mle ndani siwezi kuyasema, nimeapa."

"Umemwapia yeye?"

"Nimeapa kazini!"

"Kumbe kulala upande mmoja wa mkeka nako ni kazi. Hongera. Na mshahara ni mzuri?"

Mkalimani alifungua mdomo. Mtu aliyekuwa na lugha nne alikosa neno katika zote nne, akausugua uso kwa kiganja.

"Ningekuwa na ruhusa ya neno moja tu..." alisema.

"Usijisumbue. Kadi ni mbili. Ya kwenu na ya kwetu."

Akamwacha pale na marobota.

Mama yake hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alikuwa amekaa juu ya blanketi lililokunjwa, anapanga nguo za safari, na kwa kila neno alilosikia akaikunja nguo kwa nguvu zaidi.

"Mimi nilikwambia mwanangu, nikaonekana mzee mchawi. Mwanamume anayesema maneno ya watu kuanzia asubuhi mpaka jioni, yake anayasema saa ngapi? Ule ni mdomo wa kukodi. Leo umekodiwa na anayelia, kesho na anayecheka. Utajuaje siku ukiwa wako?"

"Mama, basi."

"Basi nini? Lia, umalize. Kesho tunaandikwa wawili, mimi na wewe, kama tulivyokuja." Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: "Njoo hapa. Lete kichwa."

Sindano akaweka kichwa pajani pa mama yake. Hakumaliza kulia.

Kesho yake, saa tisa na nusu, waliitwa. Sindano alikuwa ameomba upande wa afisa mwingine. Wakaambiwa mkalimani aliyeapishwa anayejua lugha ya kwao ni mmoja tu kambi nzima, na kwamba mtu mzima hasemewi na ndugu yake, ndiyo sheria.

Afisa alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Mkalimani alikuwa amekaa pembeni yake. Hakuwa amenyoa. Ndevu zilikuwa zimemtoka kama vumbi la mkaa.

"Mheshimiwa," alisema mara tu walipoingia, "hawa ni watu ninaofahamiana nao. Ingefaa apatikane mwingine."

"Mwingine yuko wapi? Nusu saa tunafunga. Swali lenyewe ni moja: nani anaandikwa na nani. Utasema kama kawaida, usiongeze, usipunguze?"

"Nitasema kama kawaida."

"Haya. Muulize mama."

Mkalimani akamuuliza. Mama akajitengeneza kitini, akakaza kilemba. Akamtazama Mkalimani usoni kama mtu anayepima kitambaa kibovu, akaanza kusema kwa lugha ya kwao. Alisema kidogo, akasimama. Mkalimani akamgeukia afisa, akaweka mikono magotini.

"Mimi ni mjane," alisema kwa Kiswahili. "Nimezaa mara nne, na uzazi wa mwisho nusura uniue."

Sindano aliinua kichwa.

Alikuwa amekaa pale, mwanamume wa miaka thelathini, ndevu mashavuni, anasema amezaa mara nne. Na hakuna aliyecheka. Afisa aliandika tu: nne. Kicheko kilimpanda Sindano mpaka kooni, na hapo kooni kikaganda.

*Mimi.* Alisema mimi.

Akalisikia neno lile upya, na yote ya jana yakafuata nyuma yake. *Nampenda. Nimemwachia. Niandikeni naye.* Mimi nani? Neno lenyewe halikuonyesha kama ni mwanamume au mwanamke. Ndevu alikuwa ameziweka yeye Sindano mwenyewe, kwa masikio yake. Mkono uliopotea kituoni haukuwa mkono wa msusi. Msusi ndiye aliyeupoteza.

Mama aliendelea, na sasa alikuwa amepamba moto. Mkalimani alimfuata neno kwa neno, sauti haipandi, haishuki.

"Nimebaki na binti huyu mmoja. Yuko kijana anamtaka, mkalimani wa kambi hii hii. Mimi simtaki. Mdomo wake ni wa kukodi. Tena ni mwongo, na miguu yake ni kama vijiti vya mwavuli."

Kalamu ya afisa ilisimama. Akainamisha kichwa kidogo, akaitazama miguu chini ya meza.

"Mwavuli, umesema?"

"Mwavuli, ndiyo, mheshimiwa."

"Endelea."

Angeweza kuuruka mwavuli. Angeweza kuuruka uongo. Mle ndani hakuna ambaye angejua isipokuwa Sindano, na Sindano jana alikuwa ameshamkataa. Lakini alisema yote, akajitukana kwa kinywa chake mwenyewe bila kupunguza hata kijiti.

"Jana," Mkalimani alisema, "alikuwa humu humu anamtolea mwanamke mwingine maneno ya mapenzi. Mwanangu alisikia. Tangu jana mwanangu hajatia kitu mdomoni. Mwanangu..." Hapo sauti ikakatika. "Mwanangu amelia mpaka nguo yangu imelowa. Mimi ni mama yake. Siwezi kumpakia basi moja na mtu anayemliza."

Mkalimani hakumtazama Sindano. Alitazama mikono yake magotini.

"Binti," afisa alisema, "wewe Kiswahili unakijua. Unaandikwa na nani?"

Sindano alisimama, ingawa hakuambiwa asimame. Akamgeukia mama yake na kusema kwa lugha ya kwao, kwa sababu lile halikuwa la mama yake kuambiwa na mtu mwingine. Alisema maneno machache tu. Alipomaliza, mama aliziba mdomo kwa ncha ya kilemba.

"Amesema nini?" afisa aliuliza.

"Anasema..." Mkalimani alianza.

"Hee! Leo *anasema*? Miaka miwili nakusikia. Sema kama alivyosema."

"Mimi..." Akakohoa. "Mimi nilisikia vibaya, mama. Nina wivu. Nina wivu mwingi, sijui utapona lini. Lakini uongo ulikuwa wa masikio yangu, haukuwa wa mdomo wake. Naomba niandikwe na..."

"Na nani?"

"Na mkalimani, mheshimiwa."

Afisa akavua miwani.

Mama hakuwa amemaliza. Alimnyooshea Mkalimani kidole, akamtupia swali moja fupi. Mkalimani hakulitafsiri. Alishika kamba ya kitambulisho, akaivulia kichwani, akakiweka kitambulisho mezani uso chini. Kisha akateremka kitini, akachutama mbele ya mama kama mtoto anayesalimia, akaanza kusema, kwa lugha ya kwao, pole pole, akikosea hata maneno ya kawaida. Mtu yule hakuwahi kukosea.

"Jamani, na mimi nipo," afisa alisema. "Nani ataniambia wanasema nini?"

Hakukuwa na mwingine. Sindano akajifuta macho, akaweka mikono pamoja kama alivyoona inawekwa.

"Mama ameuliza: na wewe mwenyewe unasema nini, usinipe la mtu," alisema. Akavuta pumzi. "Naye amejibu... Hapana. Ngoja." Akaanza tena. "Mimi, mama, sina ufundi wa kusema yangu. Nayasema ya wengine siku nzima, nikirudi nimechoka, naenda kusimama kwenye banda la ushonaji nimsikilize binti yako akinyamaza. Yale ya jana siwezi kukueleza hata ukinikataa. Lakini jana usiku sikulala. Nilikuwa nahesabu mabasi. Nampenda binti yako. Kwa hilo sikukodiwa na mtu."

Mashavu yalikuwa yanamwaka. Alikuwa amejiambia mwenyewe, kwa sauti, mbele ya afisa, kwamba anapendwa.

Afisa alikohoa, akatazama saa ya ukutani. "Robo saa. Kadi moja au mbili?"

Mama akamtazama Mkalimani chini pale, akamtazama binti yake, akashusha pumzi, akasema neno.

"Moja," Sindano alitafsiri. "Lakini jina langu liwe juu."

Likaandikwa juu. La Sindano likafuata, na la Mkalimani likawa la tatu, limebanwa kwenye nafasi ndogo iliyobaki. Walipofika mlangoni Mkalimani alitaka kuwafuata, lakini afisa alikuwa ameshaita, "Anayefuata!"

Anayefuata alikuwa msichana mmoja mrefu, macho yamevimba, khanga mpya. Akapita karibu sana na Sindano, akanukia sabuni. Mkalimani alimtazama Sindano, naye Sindano akarudi, akakichukua kile kitambulisho mezani, akamvisha mwenyewe shingoni, akakinyoosha kifuani. Kisha akatoka na mama yake.

Nje palikuwa na benchi, limeegemezwa kwenye ukuta wa kontena. Mama akaenda zake kufunga mizigo. Sindano alikaa kumngoja. Ndani sauti ile ikaanza, wazi kabisa kupita jenereta: "Mimi nilikuwa na mtu..."

Wivu ukamrudia, mzima mzima, kama haujawahi kuondoka. Mtu gani? Mzuri kiasi gani yule msichana, anapolia? Sikio lake lenyewe likasogea ukutani.

Sindano akasimama. Akalibeba lile benchi, zito, miguu inaburuta mchangani, akavuka nalo uwanja mpaka upande wa bombani, watu wakimwangalia. Akaliweka chini na kujaribu kusikiliza. Bado alisikia mvumo wa sauti. Akalisogeza tena, hatua kumi nyingine, mpaka asisikie kitu ila maji yakiingia kwenye ndoo. Hapo ndipo akakaa, akaukazia macho mlango.